Trela Wazi Kibwezi: Kazi ya Dereva, Sheria Inayomlinda na Usalama wa Wakazi

Barabara Kuu ya Mombasa–Nairobi ina urefu wa takriban kilomita 485. Njia panda ya Kibwezi iko karibu kilomita 200 kutoka Nairobi, na chini kidogo ya kilomita 300 kutoka Mombasa. Lori lililojaa chuma, ukihesabu miinuko, miji, matuta na foleni ya mizani, huenda kwa wastani wa kilomita 45 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo, safari ya Mombasa hadi Nairobi huchukua zaidi ya saa 10. Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24.

Hesabu hiyo inaihusu Kaunti ya Makueni moja kwa moja. Dereva aliyetoka Mombasa na mzigo mzito akifika Kibwezi tayari amemaliza saa 6 au zaidi. Saa zake za sheria zinaishia mahali fulani kati ya Mtito Andei na Emali. Sehemu hiyo ndiyo yenye masoko, shule, vituo vya bodaboda na maelfu ya watu wanaovuka barabara kila siku. Dereva akipumzika hapa, wakazi wako salama zaidi. Akiamua au akilazimishwa kuendelea, anapita mbele ya milango yao akiwa amechoka, na tani nyingi za chuma mgongoni.

Makala haya yanaeleza kazi ya dereva wa trela wazi: anabeba nini, anafungaje mzigo, mizani inapima nini, anaingiaje katika kazi hiyo na ana haki gani. Yanaeleza pia mambo ambayo mkazi wa kando ya barabara anaweza kufanya ili yeye na dereva wote wafike nyumbani.

TRELA WAZI HUBEBA NINI

Trela wazi ni jukwaa bapa lisilo na kuta wala paa. Hutumika kwa mzigo ambao hauingii ndani ya kontena, au ambao hupakiwa na kushushwa kwa kreni au foklifti kutoka ubavuni au juu. Katika barabara ya Kibwezi mzigo huo ni pamoja na nondo, mabomba, mihimili ya chuma, roli za chuma cha kutengenezea mabati, transfoma za umeme, nguzo, mitambo ya viwandani na matingatinga.

Bidhaa nyingi kati ya hizi huingia kupitia Bandari ya Mombasa na kwenda kwenye viwanda vya Athi River, Nairobi na mbele zaidi hadi Uganda. Nyingine hushuka kuelekea pwani. Kibwezi yenyewe ina mzigo wake: mashamba ya mkonge ya Dwa hutoa marobota ya katani yanayohitaji kusafirishwa. Tangu Barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui hadi Migwani, yenye urefu wa kilomita zipatazo 190, iwekwe lami, malori ya saruji, nondo na mitambo yamepata njia ya kuelekea Ikutha, Mutomo na Kitui bila kuzunguka mbali. Ujenzi wa Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, nao umehitaji mashine na vyuma vizito.

Reli ya kisasa ya SGR ilianza kubeba makontena kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2018, na imepunguza sehemu ya kazi ya malori. Hata hivyo, mzigo mwingi wa trela wazi umebaki barabarani. Mtambo mrefu au roli ya chuma inayotakiwa kufikishwa mlangoni mwa kiwanda bado inahitaji dereva, utingo na minyororo.

MZIGO USIO NA UKUTA

Katika lori lenye bodi, ukuta husaidia kuuzuia mzigo usihame. Katika trela wazi hakuna ukuta. Kinachoushikilia mzigo ni minyororo, mikanda, kabari, na msuguano kati ya mzigo na sakafu ya trela. Hii ndiyo tofauti kubwa ya kazi hii na udereva mwingine wa malori, na ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya usalama iamuliwe kabla injini haijawashwa.

Kanuni inayotumika Ulaya na Marekani ni rahisi kukumbuka. Vifungo viwe na uwezo wa kuuzuia mzigo usiende mbele kwa nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake, na usiende nyuma wala kando kwa nguvu inayolingana na asilimia 50. Kwa mzigo wa tani 20, vifungo lazima vistahimili nguvu inayolingana na tani 16 kuelekea mbele. Upande wa mbele unahitaji nguvu zaidi kwa sababu dereva anapokanyaga breki ghafla, lori husimama lakini mzigo hutaka kuendelea na safari. Mahali pa kwanza utakapofika ni kwenye kichwa cha lori, alipoketi dereva.

Roli ya chuma cha mabati ni mfano mzuri. Roli moja inaweza kuzidi tani 10, na ni duara. Ikilazwa juu ya sakafu tupu na kufungwa mnyororo mmoja katikati, itaanza kubiringika mara tu mnyororo utakapolegea. Kwa hiyo hukalishwa ndani ya kitanda cha mbao nene, hutiwa kabari pande zote mbili, kisha hufungwa minyororo inayopita katika tundu lake na kuvuta kuelekea mbele na nyuma.

Nondo na mabomba yana hatari nyingine. Chuma juu ya chuma huteleza, na chuma chenye mafuta au maji huteleza zaidi. Ndiyo maana mafundi wa upakiaji huweka vipande vya mbao au mpira kati ya tabaka moja na lingine. Mnyororo mmoja hautoshi kwa furushi refu hata kama ni mnene, kwa sababu ncha za furushi zitacheza. Mahali mkanda unapopita juu ya kona kali ya chuma, huwekwa kinga ili usikatike.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba mzigo uliofungwa vizuri Mombasa hauwi umefungwa vizuri hadi Nairobi. Mtikisiko hufanya mbao zishuke na furushi lijipange, na mnyororo uliokuwa umekaza hubaki na ulegevu. Sheria za Marekani zinamtaka dereva akague mzigo ndani ya kilomita 80 za kwanza, kisha kila baada ya saa 3 au kilomita 240, lolote litakalotangulia. Dereva wa barabara yetu anaweza kuufuata utaratibu huo bila kupoteza muda. Kituo cha kwanza ni Mariakani, ambako atasimama kwa ajili ya mizani. Cha pili ni Voi. Cha tatu ni Mtito Andei au Kibwezi. Dakika kumi za kuzunguka trela kwa miguu katika kila kituo, akigonga tairi, akigusa ekseli kama zina joto lisilo la kawaida na kuvuta kila mnyororo, hugundua hitilafu nyingi kabla hazijawa ajali.

MIZANI INAPIMA NINI

Barabara hii ina vituo vikubwa vya mizani Mariakani na Athi River. Wakazi wengi hudhani mizani hupima uzito wa lori zima peke yake. Hupima pia uzito ulio juu ya kila ekseli au kundi la ekseli.

Viwango vinatokana na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ekseli ya mbele, ile ya usukani, isizidi tani 8. Ekseli moja yenye tairi nne isizidi tani 10. Ekseli mbili zilizo pamoja zisizidi tani 18, na ekseli tatu zilizo pamoja zisizidi tani 24. Ukijumlisha 8, 18 na 24 unapata tani 50, ambao ndio uzito wa juu wa trela la kawaida la ekseli sita pamoja na mzigo wake. Kwa ekseli saba, kiwango cha juu ni tani 56.

Kwa sababu hiyo, lori linaweza kuwa chini ya uzito wa jumla na bado likakataliwa. Mtambo ukiwekwa mbele mno, ekseli za kichwa cha lori hulemewa. Ukiwekwa nyuma mno, ekseli za trela hulemewa na kichwa huwa chepesi kiasi kwamba usukani haushiki vizuri. Gari lililozidi huzuiwa hadi mzigo upangwe upya au upunguzwe. Mzigo ambao kwa umbo lake unazidi upana, urefu au uzito unaoruhusiwa na hauwezi kugawanywa, kama transfoma kubwa, huhitaji kibali maalumu kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA) kabla ya kuanza safari.

Sheria hii haikuwekwa ili kumsumbua dereva. Majaribio ya barabara yaliyofanywa jimboni Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hauongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka kwa kasi kubwa zaidi, takriban kwa uzito uliozidishwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, uzito umeongezeka kwa asilimia 20 tu, lakini uharibifu wa lami unakaribia mara mbili. Mashimo na mifereji ya tairi wanayoyaona wakazi kwenye barabara nyingi yana mkono wa ekseli zilizozidishiwa mzigo. Breki nazo hupata taabu hiyo hiyo, hasa kwenye mteremko.

SAA 8 NA MALIPO YA SAFARI

Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinasema wazi kwamba dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya jumla ya saa 8 katika kipindi cha saa 24. Kwa nini basi malori hupita Kibwezi usiku kucha?

Baadhi yana madereva wawili wanaopokezana, na mengine yalianza safari jioni. Lakini sababu nyingine ni jinsi malipo yanavyopangwa. Madereva wengi hupata mshahara wa mwezi pamoja na mileji, yaani malipo kwa kila safari. Anayefanya safari nyingi hupata zaidi. Mwenye gari naye ana mkopo wa benki, na mwenye mzigo ana kiwanda kinachongoja. Simu hupigwa dereva akiwa Mtito Andei: amefika wapi, na kwa nini gari limesimama? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeuliza swali hilo akiwa ofisini hasikii usukani ulivyo mzito saa tisa usiku.

Usingizi haushindwi kwa nia. Mtu aliyekesha anaweza kupotewa na fahamu kwa sekunde tatu au nne bila kujua. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori husafiri zaidi ya mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90, umbali unaokaribia urefu wa uwanja wa mpira. Miraa, muguka, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu huahirisha usingizi kwa muda tu. Vinapoisha nguvu, uchovu hurudi ukiwa umeongezeka.

Mwendo nao una hesabu yake. Magari mazito ya biashara hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa na yanatakiwa kuwa na spidi gavana. Katika miji, kiwango ni kilomita 50 kwa saa. Tofauti ya 80 na 50 inaonekana ndogo, lakini nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima kwenye mwendo wa 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya 50. Lori linaloingia Makindu au Emali kwa mwendo wa barabara kuu haliwezi kusimama kwa ajili ya mtoto anayevuka, hata kama dereva amemwona mapema.

Taifa limewahi kuona matokeo. Tarehe 30 Juni 2023, lori lililokuwa limebeba kontena lilishindwa kudhibitiwa katika njia panda ya Londiani, Kaunti ya Kericho, na kuwagonga wafanyabiashara wa kando ya barabara, abiria na magari mengine. Watu 52 walifariki. Londiani ni njia panda yenye soko, kama zilivyo njia panda nyingi za Makueni.

JINSI YA KUINGIA KATIKA KAZI HII

Vijana wengi wa Kibwezi hukua wakiyatazama malori na kutamani kazi hiyo. Ni kazi halali yenye kipato, kwa wanaume na wanawake, lakini haina njia ya mkato.

Leseni hupanda ngazi kwa ngazi. Daraja B ni la magari madogo, C1 ni malori mepesi, C ni malori ya kati, na CE ndilo linaloruhusu lori zito lenye trela. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo umri wa chini na uzoefu unaotakiwa unavyoongezeka. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), na maombi hufanywa kupitia eCitizen. Mtu anayeahidi kukupatia CE bila mafunzo na mtihani anakuuzia matatizo. Siku ya ajali, leseni hiyo haitakulinda mahakamani, na bima inaweza kukataa kulipa.

Wengi huanza kama utingo. Hiyo ni shule nzuri kwa trela wazi, kwa sababu utingo ndiye anayejifunza kuweka kabari, kukaza mnyororo, kufunga turubai na kumwelekeza dereva anaporudi nyuma. Mafunzo ya umekanika na uchomeleaji katika vyuo vya ufundi vya kaunti pia husaidia. Dereva anayeelewa breki za upepo na ekseli hugundua hitilafu mapema, na waajiri humthamini. Waajiri wengi hudai pia cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI).

Kabla ya kukubali kazi, kijana aulize maswali manne. Je, gari lina cheti cha ukaguzi wa mwaka huu? Je, minyororo na mikanda inatolewa na mwajiri, na ikichakaa nani hununua mingine? Je, mileji inahesabiwa vipi, na dereva akilala njiani kwa mujibu wa sheria anapoteza chochote? Je, kuna mkataba wa maandishi?

HAKI ZA DEREVA NA UTINGO

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, taarifa ya mshahara inayoonyesha makato, siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12. Mwajiri anatakiwa pia kuwasilisha michango ya NSSF na ile ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Makato ni jambo linaloleta malalamiko mengi. Tairi likipasuka au mzigo ukiharibika, madereva wengine hukatwa mshahara bila maelezo. Sheria hiyo inaruhusu kukata kiasi cha kadiri kwa mali iliyoharibika au kupotea ikiwa mfanyakazi alifanya hivyo kwa makusudi. Tairi lililopasuka kwa sababu ya uzee halikupasuliwa makusudi na dereva. Na hata makato halali yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Kuhusu usalama, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi wajibu wa kumwarifu msimamizi wake kuhusu hatari kubwa iliyo karibu kutokea. Mwajiri haruhusiwi kumrudisha kazini penye hatari hiyo kabla ya kuirekebisha. Kwa dereva wa trela wazi, mnyororo uliopasuka, breki zinazovuja upepo au mzigo uliozidi ni hatari ya aina hiyo. Atoe taarifa kwa ujumbe wa simu au kwa maandishi, apige picha na aihifadhi. Neno la mdomo tu ni vigumu kulithibitisha baadaye.

Kuna sababu nzito ya kufanya hivyo. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki kinasema anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, au kwa kuliacha gari barabarani katika hali ya hatari, anaweza kufungwa hadi miaka 10. Aliyepiga simu kuhimiza safari huenda hata asitajwe katika mashtaka. Anayesimama kizimbani kwanza ni aliyeshika usukani.

Akiumia kazini, dereva au utingo analindwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, maarufu kama WIBA. Mwajiri lazima awe na bima, na anatakiwa kuiarifu Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kujua kuhusu ajali. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12. Ulemavu wa kudumu usiomwezesha mtu kufanya kazi tena, au kifo, hulipiwa fidia inayolingana na mapato ya miezi 96. Familia nyingi hupoteza haki hii kwa kutojua kwamba muda unahesabiwa. Malalamiko ya ajira na fidia hupelekwa katika ofisi ya Leba iliyo karibu, ambayo ni ya serikali ya kitaifa.

MKAZI AFANYE NINI

Barabara kuu iko chini ya KeNHA, na kanuni za trafiki husimamiwa na NTSA na polisi. Kaunti inahusika na barabara za kaunti, maegesho, taa za mitaani na afya. Lakini mambo kadhaa yako mikononi mwa mkazi mwenyewe.

Unapovuka, usiamini kwamba lori lililo mbali litasimama. Lori lenye tani 50 linahitaji umbali mrefu zaidi kuliko gari dogo. Usipite wala usisimame kati ya trela na ukingo wa barabara linapokata kona. Dereva hawezi kuona ubavu wote wa trela lake, na magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani zaidi kuliko ya mbele. Hii inawahusu hasa waendesha bodaboda katika njia panda za Kibwezi, Makindu na Emali. Usikae nyuma ya trela lililobeba nondo au mabomba, maana yakiteleza huelekea nyuma bila onyo.

Usiweke meza ya biashara katika hifadhi ya barabara, hasa penye kona, mteremko au njia panda. Wateja hupatikana hapo, ni kweli, lakini lori lililokosa breki hufika hapo pia. Mfanyabiashara anayetaka kuwauzia madereva atafaidika zaidi palipo na nafasi ya malori kuegesha nje kabisa ya lami, pawe na choo, maji, chakula na mwanga. Makindu ina mfano wa miaka mingi: hekalu la Singasinga lililo kando ya barabara huwapa wasafiri chakula bila malipo, na madereva wengi wamepumzika hapo.

Ukiona lori limeharibika, angalia kama dereva ameweka vibao vya pembetatu vinavyoakisi mwanga mbele na nyuma. Desturi ya kukata matawi na kuyaweka barabarani inaeleweka palipo na dharura, lakini matawi hayaonekani vizuri usiku, na mara nyingi huachwa yakisababisha ajali nyingine baada ya lori kuondoka.

Lori likianguka, usikimbilie mzigo. Mwaka 2009 huko Sachangwan, karibu na Molo, zaidi ya watu 100 walifariki baada ya lori la mafuta kuwaka moto watu wakichota petroli iliyomwagika. Mzigo wa trela wazi hauwaki kwa urahisi hivyo, lakini una hatari yake. Minyororo iliyovutika inaweza kufyatuka, na roli ya tani 10 iliyoegemea ukingo inaweza kubiringika ikiguswa. Kuchukua bidhaa hizo pia ni wizi. Kaa mbali, wazuie watoto, na upige simu 999 au 112 kwa polisi, au 1199 kwa gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu. Eleza mahali kwa alama inayojulikana, kama mto, shule au soko, na upande ambao lori lilikuwa likielekea.

Na mwenye mtoto, ndugu au mume katika kazi hii amwulize swali moja anapopiga simu akiwa njiani: ameanza kuendesha saa ngapi? Kama saa 8 zimekwisha, amshauri aegeshe. Mzigo utafika kesho.